WAKWE WA MBALI WAKIJA OTONGLO
Ruhusa ya kuzuru ni nini, na yampasa nini anayealika

Barabara itokayo mjini Kisumu kwenda Busia hupita kando ya uwanja wa ndege, ikafika Otonglo, kisha ikaendelea Kisian na Maseno hata mpaka wa Uganda. Kwa hiyo habari za safari si ngeni kwa watu wa hapo. Husikia ngurumo za ndege zikishuka karibu na ziwa, na usiku huona malori yakienda mpakani. Zamani mzee aliyetaka kuoza binti yake alipeleleza ukoo wa bwana arusi ng'ambo ya mto, au ng'ambo ya ghuba. Siku hizi ng'ambo imesogea mbali zaidi. Wako vijana wa sehemu hizi waliooa Uganda na Tanzania, na wako mabinti walioolewa Ujerumani, Uingereza na Marekani.

Arusi ikiisha, haikawii kufika barua au simu yenye neno hili: wazazi wa upande wa pili wangependa kuja kuiona nyumba aliyoingia mtoto wao. Ni neno la heshima, wala si rahisi kwa mzee kulikataa. Walakini mara linapokubaliwa huzuka mashaka. Je, wakwe waombe viza? Mwenyeji aandike barua? Je, anayealika atashtakiwa wageni wakizidisha siku? Na wao wakitaka kuwaalika wazee wa Otonglo waende kwao, mambo ni yale yale?

Wazee wakikaa kulishauri jambo kama hili, huuliza maswali matatu. La kwanza, ni nani wajao? La pili, watalala wapi? La tatu, watarudi lini? Yafaa ijulikane ya kuwa afisa wa uhamiaji naye, akiwa Nairobi, London au Washington, huuliza maswali hayo hayo matatu. Tofauti ni kwamba wazee huridhika kwa maneno, naye afisa hutaka kuona hati. Mwenyeji akiyashika maswali haya matatu hatapotea njiani.

WAKWE WA NCHI JIRANI

Kwanza watajwe wakwe walio karibu. Mkwe aliye raia wa Uganda, Tanzania, Rwanda au Burundi haombi viza ya kuja Kenya. Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yameweka kwamba raia wa nchi mwanachama akifika mpakani na hati halali aweza kupewa ruhusa ya kuingia na kukaa hata miezi 6, bila ya kutozwa ada ya ruhusa hiyo. Tena mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana ya kwamba raia wao waweza kuvuka mipaka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tu, hata kama hawana pasipoti.

Hapa watu wengi hukosea. Husikia kwamba safari ni bure, wakadhani ya kuwa hapana haja ya kumwona afisa. Sivyo. Ruhusa ni ya bure, lakini ni lazima itolewe na iandikwe. Mkwe atokaye Tororo kwa gari na apite katika kituo cha Busia, ambako tangu mwaka 2018 maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja ili msafiri asipange foleni mara mbili. Atokaye upande wa Musoma na apite Sirari na Isebania. Mtu avukaye ziwa kwa mashua akashuka ufuoni pasipo na afisa, au apitaye njia za panya, amejinyima mwenyewe kitu ambacho angepewa bila gharama. Akishikwa hana ushahidi wa kwamba aliingia kwa haki, na mwenyeji wake ataona aibu mbele ya wakwe.

Jambo jingine ni chanjo ya homa ya manjano. Kenya hutaka cheti cha chanjo hiyo kwa msafiri atokaye katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Uganda ni mojawapo. Chanjo yatakiwa ichomwe siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake, kwa kanuni za afya za mataifa, hudumu maisha yote ya mwenyewe. Basi mkwe aliyechanjwa zamani asichanjwe tena. Atafute cheti chake tu.

WAKWE WA NG'AMBO YA BAHARI

Wakwe watokao Ulaya na Marekani wana utaratibu mwingine. Kwa miaka mingi waliomba viza ya utalii. Mwanzoni mwa Januari 2024 Serikali ya Kenya iliondoa viza kwa wageni, ikaweka mahali pake kibali cha kusafiri kiitwacho eTA, ambacho huombwa kwa njia ya intaneti kabla ya kuondoka nyumbani. Hata hivyo watu wengi wangali wakikiita viza, na si kosa kubwa, mradi mkwe ajue ya kwamba hawezi kukipata atakapokuwa ameshuka uwanjani Nairobi. Shirika la ndege laweza kumzuia asipande ndege huko huko kwao, na safari nzima ikaharibika.

Anayeomba ajaze fomu mwenyewe, au asaidiwe na mtoto wake. Atatakiwa pasipoti itakayodumu muda usiopungua miezi 6 tangu siku ya kufika, picha ya uso wake, habari za ndege ya kuja na ya kurudi, na habari za mahali atakapolala. Mpango ulipoanza ada ilikuwa dola 30 za Marekani kwa kila msafiri. Kwa kuwa ada hubadilika, ni vema kuitazama upya kabla ya kulipa. Maombi yatakiwa yatangulie safari kwa siku 3 za kazi au zaidi. Lakini mwenye busara hatangoja siku hizo za mwisho, maana jina lililoandikwa vibaya, au picha isiyoonekana wazi, huweza kurudisha maombi nyuma.

Na hapa kuna mtego. Katika intaneti wako watu waliotengeneza kurasa zinazofanana na ukurasa wa Serikali, nao huwatoza wageni fedha nyingi kuliko ada ya haki. Ukurasa wa Serikali ya Kenya ni etakenya.go.ke. Herufi hizo za mwisho, go.ke, ndizo alama ya ofisi za Serikali. Mwenyeji awaandikie wakwe anwani hiyo waziwazi katika barua yake, wasije wakaitafuta gizani.

BARUA YA MWALIKO

Wako wadhanio ya kuwa barua ya mwaliko ni kitu cha ajabu kinachofungua milango yote, na wako wanaolipa makarani wawaandikie kwa maneno makubwa makubwa. Barua njema ni fupi, nayo hujibu maswali matatu ya wazee.

Iandikwe jina kamili la mwenyeji, nambari ya kitambulisho chake, mahali akaapo na simu yake. Kisha majina ya wakwe kama yalivyo katika pasipoti, na namna ya ukwe wao: kwa mfano, kwamba hawa ni baba na mama wa mke wa mwanawe. Iandikwe watalala wapi, tarehe ya kufika na tarehe ya kurudi. Mwisho iandikwe ni nani atakayelipa chakula, malazi na safari za humu nchini. Nakala ya kitambulisho cha mwenyeji na ya cheti cha ndoa ziambatishwe.

Juu ya cheti cha ndoa yapasa kusemwa neno. Familia nyingi za kando ya ziwa zimekwisha kutimiza desturi zote, yaani ayie na kupeleka ng'ombe, wala hapana jirani asiyejua kwamba ndoa ipo. Lakini afisa aliye mbali hakuwaona ng'ombe wale. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka kwamba ndoa ya kimila nayo iandikishwe na kupewa cheti. Familia ambayo haijafanya hivyo na ifanye mapema, kwa sababu siku ya haja cheti hicho ndicho kitakachoonyesha ya kwamba wakwe ni wakwe kweli.

WATALALA WAPI?

Swali hili ni dogo katika fomu, lakini nyumbani ni kubwa. Kwa desturi ya Waluo, mama mkwe, aitwaye maro, ni mtu wa kuheshimiwa kwa kujitenga naye. Yeye na mkwewe hawakai karibu karibu, wala halali katika nyumba ya mkwewe. Mzungu atokaye Hamburg au Manchester hajui habari hizi. Kwao, mama aendaye kumtazama bintiye hulala chumba cha pili katika nyumba ile ile, na akiambiwa alale kwingine aweza kudhani kwamba amechukiwa.

Ndiyo sababu jambo hili lisingoje mpaka wageni wameshuka na mizigo yao. Bibi arusi mwenyewe, aliyekwisha kujifunza desturi za nyumba aliyoingia, ndiye afaaye kuwaeleza wazazi wake mapema: kwamba kutengewa malazi ni alama ya heshima. Wako wanaowapangia wakwe nyumba ya wageni mjini Kisumu, ambako si mbali na Otonglo, kisha huwaleta bomani mchana kwa chakula na mazungumzo. Wako wanaowaweka kwa jamaa mwingine, mahali ambapo desturi hairuhusu ukali huo. Shauri lolote litakalokubaliwa, hilo ndilo liandikwe katika fomu na katika barua. Si vizuri fomu iseme hoteli, barua iseme kwa jamaa, naye mgeni akiulizwa uwanjani aseme hajui. Maneno matatu yasiyopatana humtia afisa shaka, hata kama kila mmoja alikuwa na nia njema.

Tena mwenyeji awakumbushe wageni mambo mawili ya afya na sheria. Nchi ya kando ya ziwa ina malaria mwaka mzima, na mtu asiyezoea huugua upesi kuliko mwenyeji. Kwa hiyo wamwone daktari kwao, wapewe dawa za kujikinga kabla ya kuondoka, na walale ndani ya chandarua. Kadhalika, tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya. Mgeni aliyefungia zawadi zake katika mifuko hiyo atatakiwa aiache uwanjani.

MGENI HAPEWI JEMBE

Mithali ya Kiswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni aliyeingia kwa ruhusa ya kuzuru, sheria yakataza mithali hii. Aliyekuja kuzuru haruhusiwi kufanya kazi wala biashara, na kutolipwa mshahara hakumwokoi.

Neno hili huwashangaza wengi, maana wakwe wengine huja na moyo wa kusaidia. Chukua mfano wa baba mkwe aliye daktari kwao. Amefika Otonglo, ameona akina mama wamepanga mstari katika zahanati, naye angependa kuvua koti na kuwatibu. Nia yake ni njema, lakini katika Kenya hapana mganga wa nchi nyingine awezaye kutibu watu bila ya leseni ya muda ya baraza linalosimamia madaktari, pamoja na kibali cha uhamiaji. Mama mkwe aliye mwalimu naye haimpasi kushika darasa kwa mwezi mzima katika shule ya jirani. Kutembelea shule, kusalimu watoto na kutoa zawadi ya vitabu ni matembezi. Kusimama mbele ya ubao kila asubuhi ni kazi.

Aliye na nia ya kufanya kazi, ijapokuwa ya kujitolea, aombe kibali kinachostahili kabla ya kuanza. Mwenyeji akinyamaza kwa kuona haya kumkataza mkwewe, atakuwa amemtia katika kosa ambalo huadhibiwa kwa faini au kifungo, na baadaye kufukuzwa nchini. Haya ya namna hiyo si heshima.

SIKU ZIKIISHA

Ukwe ni wa daima, lakini ruhusa ya kuzuru ni ya siku zilizohesabiwa. Mgeni mwenye eTA huruhusiwa kukaa hata siku 90, na siku alizopewa na afisa mlangoni ndizo ahesabuzo. Akitaka kuongeza, kwa mfano kwa ajili ya ugonjwa au kwa sababu bintiye yu karibu kujifungua, aombe kwa Idara ya Uhamiaji kabla siku zake hazijaisha. Jumla ya ukaaji wa mgeni haipiti miezi 6. Aliyengoja mpaka siku zimepita ndipo akaomba, ameomba akiwa tayari ana hatia.

Yafaa pia ijulikane ya kuwa kuozesha mtoto Kenya hakumpi mzazi haki ya kukaa Kenya. Mke au mume wa raia ana njia zake: kibali cha mtegemezi, na kwa Katiba ya mwaka 2010 aweza kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Wakwe hawamo katika njia hizo. Wao ni wageni waheshimiwa, nao hukaa kwa sheria ya wageni.

WAZAZI WA OTONGLO WAKIALIKWA

Baada ya wakwe kurudi kwao, huja siku ya kurudisha matembezi. Mjukuu amezaliwa ng'ambo, naye bibi yake aliye Otonglo hajapata kumbeba. Mtoto amwandikia mama yake, njoo. Hapo familia nyingi hugundua ya kuwa mlango wa kuja ulikuwa mpana, na mlango wa kwenda ni mwembamba. Wengine huona uchungu, wakisema: wao walijaza fomu siku moja wakaja, mbona sisi twaulizwa mpaka idadi ya ng'ombe? Uchungu huo hauna ajabu. Nchi hizo huwapima wageni kwa namna isiyo sawa, na mtu wa kijiji ndiye ahisiye uzito wake. Lakini anayetaka kumwona mjukuu afaidika zaidi akijua mlango ule hufunguliwaje.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba huko ng'ambo swali la tatu la wazee, yaani atarudi lini, hupita yale mawili kwa uzito. Katika Marekani, sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 yamwamuru afisa amhesabu kila aombaye viza ya kuzuru kuwa ni mtu atakaye kuhamia, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba sivyo. Basi mama wa Otonglo aingiapo ubalozini Nairobi, hajashtakiwa wala hajadharauliwa; ila mzigo wa kuonyesha u juu yake. Atajaza fomu iitwayo DS-160, atalipa ada ambayo tangu Juni 2023 imekuwa dola 185, na ataonana na afisa kwa muda mfupi sana, pengine dakika chache tu. Ubalozi wa Marekani haudai barua ya mwaliko. Mtoto aweza kuandika, lakini utajiri wa mtoto hauwi jibu la swali la kurudi kwa mama. Jibu limo katika maisha ya mama mwenyewe: mume aliye nyumbani, shamba, duka, kazi, kikundi cha akiba anachokiongoza, watoto wengine na wajukuu wanaomtegemea.

Uingereza ina utaratibu wake. Mgeni wa kuzuru kwa kawaida huruhusiwa kukaa hata miezi 6. Mtoto au mkwe aweza kumlipia gharama, mradi naye akae huko kwa haki na aonyeshe kuwa fedha anazo kweli. Hata hivyo afisa hana budi kuridhika ya kwamba anayekuja ni mgeni wa kweli, wala si mtu atakayeifanya Uingereza makao yake kwa kwenda na kurudi mara kwa mara.

Nchi 29 za Ulaya zilizomo katika mapatano ya Schengen, Ujerumani ikiwamo, hutoa viza moja kwa nchi zote. Mgeni huruhusiwa kukaa siku 90 katika kila muda wa siku 180. Hutakiwa awe na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima imekuwa euro 90. Katika Ujerumani mwenyeji aweza kwenda katika ofisi ya wageni ya mji wake, akaweka sahihi ahadi ya kwamba atalipa gharama zote za mgeni. Ahadi hiyo si maneno ya adabu, kwa maana Serikali yaweza kumdai fedha hizo. Lakini hata ahadi yenye mhuri hujibu swali la fedha tu. Haijibu swali la kurudi.

MAKOSA YAFUNGAYO MLANGO

Makosa makubwa ni matatu, na yote hutoka katika hofu.

La kwanza ni fedha za kuazima. Mtu huambiwa kwamba afisa atatazama hesabu ya benki, naye akakopa kwa jamaa na marafiki, akatia yote katika akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Afisa huona hesabu ya miezi, si ya siku moja. Akiona mtu aliyekuwa akiweka shilingi elfu mbili mbili ameweka laki tano kwa ghafula, huuliza zimetoka wapi, na jibu likikosekana maombi hukataliwa. Fedha kidogo zenye maelezo hupita fedha nyingi zisizo na mama wala baba. Kama mtoto ndiye alipaye, na isemwe hivyo, na hati zake zionyeshwe.

La pili ni uongo. Wako madalali waahidio kazi ya bandia, shamba la bandia, hata ndugu wa bandia. Mzee aliyekuwa na sababu njema ya kusafiri huharibu sababu hiyo kwa hati moja ya uongo. Katika Uingereza aliyedanganya katika maombi aweza kufungiwa miaka 10. Katika Marekani aliyetumia udanganyifu wa makusudi ili apate viza aweza kuzuiwa maisha yake yote. Dalali aliyetoa hati hiyo hazuiwi. Yeye hutafuta mteja mwingine.

La tatu ni kuzidisha siku. Mama amefika, amemwona mjukuu, na mtoto wake amwambia akae tu, nani atajua? Hujulikana. Katika Marekani, aliyezidisha zaidi ya siku 180 akaondoka hazuiwi kurudi kwa muda mfupi, bali kwa miaka 3. Na aliyezidisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Nchi za Schengen nazo, tangu Oktoba 2025, zilianza kuandika kwa mashine siku ya kuingia na ya kutoka ya kila mgeni, pamoja na alama za vidole. Mwenye kuzidisha siku hajidhuru peke yake. Ndugu yake atakapoomba kesho, huenda akaulizwa juu ya jamaa aliyetangulia.

AKIKATALIWA

Kukataliwa si hukumu ya tabia ya mtu, ijapokuwa huuma. Ada hairudishwi. Marekani haina rufani kwa viza ya kuzuru, lakini mtu aweza kuomba tena mambo yake yakibadilika. Uingereza iliondoa haki ya rufani ya wageni wa familia mwaka 2013, ila kwa mambo ya haki za binadamu. Nchi za Schengen hutoa karatasi yenye sababu za kukataliwa na maelezo ya njia ya kulalamika. Karatasi hiyo na isomwe kwa utulivu, ikiwezekana pamoja na mtu ajuaye lugha yake. Haifai kuomba tena wiki ile ile kwa hati zile zile, kwani jibu litakuwa lile lile. Na mtu aliyekataliwa asifiche jambo hilo katika maombi ya baadaye: huulizwa, na rekodi ipo.

Familia nyingine, mama akikataliwa, huamua kumleta mjukuu Otonglo. Mtoto wa mzazi Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, hata akiwa amezaliwa ng'ambo. Hivyo ndivyo isemavyo Katiba ya mwaka 2010. Wazazi wake wakimpatia hati za Kenya, huja nyumbani bila ya kuhesabiwa kuwa mgeni.

Mwisho, yafaa kila familia iwe na faili moja. Humo ziwekwe nakala za pasipoti, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, barua za mwaliko zilizopita, na tiketi za safari zilizokwisha. Wakwe waliokuja Otonglo wakarudi kwa siku yao wameacha ushahidi mwema kwa ajili ya wale watakaokuja nyuma yao, na mama aliyekwenda ng'ambo akarudi kabla ya siku zake kwisha amewafungulia njia wadogo zake. Afisa wa mpakani hawajui watu wa Otonglo, wala hakuhudhuria arusi yao. Hujua tu yaliyoandikwa, na kama watu wale walifanya walivyoandika. Ni nani ajaye, atalala wapi, atarudi lini: familia iyajibuyo maswali hayo kwa kweli, na kuyatimiza, itaonana na wakwe wake leo na miaka mingi ijayo.